Kwenda Kolo kwa Pikipiki Isiyo na Kiti

Saa kumi na moja na robo alfajiri, siku ya Alhamisi, nilipiga teke kuwasha pikipiki uani kwangu Kizota, Dodoma, na mbwa wa jirani akaanza kubweka. Muda mfupi baadaye nyumba nne zilikuwa zimewasha taa. Mnaoniuliza safari ilianzaje, ilianza hivyo: kwa kuwaamsha watu na kuwaomba radhi kupitia juu ya ukuta.

Nieleze kwanza pikipiki yenyewe, maana wengi mmeiona lakini hamkuielewa. Ni pikipiki ya kupandia mawe. Ni nyepesi, gia zake ni fupi, na matairi yake laini hujazwa upepo kidogo sana ili yaweze kulikumbatia jiwe. Tangi lake halizidi kidumu cha mafuta ya kula. Kiti haina, kwa sababu anayeiendesha husimama juu ya vikanyagio muda wote. Mchezo wake si wa mbio. Unawekewa alama mbili kwenye mawe, unapanda kutoka ya kwanza hadi ya pili, na kila mguu wako unapogusa chini unahesabiwa pointi moja. Ukianguka, pointi tano. Mwenye pointi chache ndiye mshindi.

Kazi yangu ni kutengeneza mizani ya madukani na ya magunia. Mchezo huu nilijifunza mwenyewe, kwa kusoma na kutazama video, nikifanya mazoezi kwenye mawe ya pembezoni mwa mji. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kupanda na mtu mwingine. Kisha nikasikia kwamba afisa mifugo wa Kolo, dada mmoja aitwaye Zuhura, anayo kama yangu, aliyoinunua kwa mtafiti mgeni aliyekuwa akirejea kwao. Tukawa tunaongea kwa simu: upepo wa matairi, cheni, magoti. Aliniambia kuna jiwe nyuma ya josho la ng'ombe ambalo hajawahi kulimaliza bila kugusa chini. Nikamwahidi kwamba nitakwenda tulijaribu pamoja.

Nilikuwa bado najipanga aliponipigia tena. "Fundi, nimehamishwa. Jumatatu napakia vyombo. Jumamosi mchana wananiaga. Ukitaka tupande wote ni Jumamosi asubuhi, baada ya hapo basi."

Hilo ndilo lililonitoa nyumbani. Nikichelewa, nilijua nitarudi kupanda mawe peke yangu, pengine mpaka magoti yakatae kabisa. Fuso niliyoitegemea kuibeba pikipiki ilikuwa gereji, gia zake zimetandazwa chini. Nikaamua kuiendesha mwenyewe mpaka Kolo.

Kizota hadi Mayamaya

Vifaa nilivichagua kwa wiki nzima. Gia ndogo ya mbele ya cheni niliibadilisha, nikaweka yenye meno mengi zaidi ili niweze kwenda mwendo wa barabarani bila injini kulia kama mbuzi. Ile ya zamani niliitia begini kwa ajili ya jiwe. Kofia yangu ni nyepesi, haina kioo. Glavu ni za ngozi, za kuchomelea. Chini ya suruali nilivaa vikinga ugoko vya mpira wa miguu, na miguuni buti za mtumba. Begini nilikuwa na kidumu cha petroli, pampu ya mkono, geji ya upepo na mkono mmoja wa breki wa akiba. Mkono wa klachi wa akiba sikuuchukua. Nilikaa nikapima, nikaona uwezekano wa kuuvunja ni mdogo.

Nje kidogo ya mji nilisimamishwa na askari wa usalama barabarani, kijana mpole mwenye viatu vilivyong'arishwa sana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, afande."

Aliizunguka pikipiki, akainama, akainuka. "Kiti kiko wapi?"

"Haina kiti, afande. Imetengenezwa hivyo kiwandani."

"Sasa abiria anakaa wapi?"

"Sibebi abiria."

"Na wewe unakaa wapi?"

"Sikai."

Alimwita mwenzake aliyekuwa upande wa pili wa barabara. Mwenzake naye akaizunguka. Namba ilikuwepo, taa ilikuwepo, leseni ilikuwepo, kofia ilikuwepo. Walitafuta kosa la kutokaa, hawakulipata. "Nenda, mzee," alisema wa kwanza. "Lakini ukichoka usiseme hatukukuonya."

Nilichoka kabla ya Mayamaya. Hili vitabu havisemi: kusimama juu ya jiwe kwa dakika mbili ni tofauti kabisa na kusimama barabarani asubuhi nzima. Nyayo zinawaka kwanza, kisha mapaja yanaanza kutetemeka yenyewe. Kwa kuwa lami inakula tairi laini la nyuma, nilifuata kijia cha vumbi pembeni ya barabara, na kila baada ya kitambo nilisimama kumimina petroli na kunyoosha mgongo.

Mayamaya niliingia kwa mama lishe mmoja. Bodaboda watatu walikuwa benchini wakinywa chai. Mama alinisalimu kwa Kigogo, akaniletea ugali wa uwele na mlenda, kisha akasimama akiitazama pikipiki yangu kwa huzuni.

"Baba, mpaka kiti wamechukua?"

"Nani?"

"Bosi wako. Si umeshindwa kupeleka hesabu?"

Kwa asiyejua, bodaboda wetu wengi huendesha pikipiki ya mtu mwingine na kumpelekea fedha kila siku. Hiyo fedha ndiyo hesabu. Ukishindwa, mwenye chombo hukichukua. Wengine huanza na kitu kidogo ili ujue hawatanii.

"Mimi wangu alianza na betri," alisema bodaboda mmoja. "Lakini kiti? Huo ni unyama."

"Ni pikipiki yangu," nikasema.

"Ndivyo tunavyosema sote, mzee. Bosi anakaa wapi? Twende tukaongee naye."

Nikawaeleza polepole: mawe, pointi, mguu kugusa chini. Walinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo," aliuliza wa pili, "uliinunua hivyo hivyo bila kiti, kwa pesa yako?"

"Ndiyo."

"Na mama watoto anajua?"

"Anajua."

Yule wa tatu akamgeukia mama lishe. "Mama, mwongeze mlenda."

Mama akaniongeza, na ulipofika wakati wa kulipa alikataa katakata. Nilipoondoka niliwasikia wakibishana kama bosi alinichukulia kiti au akili.

Mayamaya hadi Chemba

Kipande hiki kilikuwa kirefu na kizuri. Mashamba ya alizeti yalikuwa yamekwisha kuvunwa, na mabua yake yalisimama meusi pande zote mbili. Upepo wa uwandani ulinisukuma kwa nyuma. Nilijifunza kuegemeza goti moja kwenye tangi ili lingine lipumzike, nikaona nimegundua jambo kubwa, mpaka goti lililoegemea lilipoungua kwa joto la injini.

Chemba nilifika jua likishuka. Mhudumu wa nyumba ya wageni aliponikaribisha kiti nilimshukuru kwa dhati kiasi kwamba alitazama nyuma yake, akidhani naongea na mtu mwingine. Kabla ya kulala nilipima upepo wa matairi yote mawili, nikaridhika. Kwa barabara ningeweza kuyajaza zaidi, lakini mbele nilitarajia mawe. Pikipiki nikaikabidhi kwa mlinzi, mtu mzima wa makamo yangu, mcheshi, mwenye koti la mvua ingawa hakukuwa na dalili ya mvua.

Asubuhi nilikuta pikipiki inang'aa. Mlinzi alisimama kando yake akitabasamu.

"Nimekusaidia kidogo, kaka. Safari iwe nyepesi."

Nilidhani anasema kuhusu kuifuta vumbi. Nikamshukuru sana, nikampa mkono, nikaondoka bila kupima matairi. Si nilikuwa nimeyapima usiku?

Chemba hadi Kondoa

Tangu mwanzo pikipiki ilikuwa inaruka ruka. Nikajiambia ni njia. Nilikuwa nimeacha lami na kushika barabara ya zamani, ili kuliokoa tairi la nyuma. Mbele kulikuwa na korongo kavu lenye mawe ya duara ukubwa wa vichwa vya ng'ombe, kitu ambacho kwa kawaida ningekipita huku napiga mluzi. Niliingia taratibu. Tairi la mbele liligonga jiwe la kwanza likadunda kama mpira, la nyuma likateleza, nami nikajikuta nimelala ubavu nikitazama anga. Mwili haukuumia. Mkono wa klachi ndio uliovunjika, umebaki kipande kifupi kisichoshikika.

Nikatoa geji. Matairi yalikuwa magumu kama ya lori la mahindi. Kwa bahati mtandao ulikuwepo, nikapiga simu kwenye nyumba ya wageni, nikaomba kuongea na mlinzi.

"Kaka, uliongeza upepo kwenye matairi yangu?"

"Niliyaona yamelala kabisa," akajibu kwa furaha. "Nikasema huyu mtu atafikaje? Nikapampu mpaka bega likauma. Sasa hivi yakoje?"

"Ni magumu sana."

"Alhamdulillah!"

Nilimwambia ahsante kwa mara ya pili siku hiyo, nikatoa upepo wote wa ziada, nikakaa juu ya jiwe kufikiri.

Pikipiki huenda bila klachi kama ukikubali kufedheheka. Unaweka gia ya pili, unaisukuma ukikimbia, ikishika unarukia juu, kisha unaomba Mungu usikutane na kitu cha kukusimamisha. Nilikutana na ng'ombe mara tatu. Kila mara ilibidi nizime, ningoje, halafu nianze tena kukimbia. Wachungaji wa kundi la mwisho walikuwa wanawake wawili wenye fimbo ndefu. Mmoja alimwambia mwenzake, kwa Kiswahili ili nami nisikie: "Huyu ni wa kwanza kumwona anayeipeleka pikipiki yake matembezini."

"Labda haijui njia," akajibu mwenzake.

Nilifika Kondoa mjini Ijumaa adhuhuri, jasho limelowanisha glavu. Kila duka la vipuri lilikuwa limefungwa na kila karakana haina mtu. Watu wa Kondoa walikuwa msikitini. Mimi Mwanglikana nilikuwa nimepanga safari nzima bila kukumbuka kwamba Ijumaa saa saba hakuna anayekuuzia hata nati. Nilikaa kwenye baraza la duka moja nikihesabu muda. Jumamosi asubuhi ilikuwa karibu, na Kolo ilikuwa bado mbele, juu ya vilima ambavyo sikuweza kuvipanda kwa kukimbia kando ya pikipiki.

Waliporudi, mwenye duka alinikuta barazani kwake, akanisalimu kana kwamba nimealikwa, akaagiza kahawa na kashata kabla ya kuniuliza shida. Aliutazama mkono uliovunjika. "Wa namna hii huupati hapa. Hata Dodoma sidhani." Nilimjibu kwamba Dodoma ndiko nilikotoka. Akacheka, akanipeleka kwa jirani yake, fundi baiskeli aitwaye Bakari.

Bakari alichagua mkono wa breki wa baiskeli ya zamani, ule wa chuma kizito, akaufunga, akavuta waya, akanipa nijaribu. Ulikuwa mfupi na mgumu, lakini klachi iliachia. Tulibishana kidogo juu ya mahali pa kuukaza. Yeye alitaka karibu na mpini, mimi nilitaka mbali, ili niuvute kwa kidole kimoja kama wapanda mawe wanavyofanya.

"Kidole kimoja?" alisema. "Na hivyo vingine umeviweka akiba?"

"Hivyo vinashikilia usukani."

"Mzee wangu, ungenunua kiti kwanza."

Giza lilishaingia tulipomaliza. Nikalala Kondoa. Nilipima upepo usiku, nikapima tena alfajiri, na pikipiki niliiingiza chumbani.

Kondoa hadi Kolo

Jumamosi niliondoka kukiwa na baridi. Barabara inapanda kati ya vilima, na kila baada ya kona kuna mawe makubwa yaliyorundikana moja juu ya jingine. Macho yangu hayakuweza kuacha kutafuta njia za kuyapanda. Lakini Zuhura alikuwa amenionya mapema: vilima vyenye michoro ya kale havipandwi kwa pikipiki, hata jiwe la jirani na michoro haliguswi. Hilo tulikubaliana tangu simu ya kwanza. Jiwe la josho halina mchoro wowote isipokuwa alama za pembe za ng'ombe.

Zuhura alinisubiri barabarani. Ni mwanamke mrefu, mwenye miaka kama arobaini, aliyefunga hijabu yake ndani ya kofia ngumu na kuvaa gambuti za kazini.

"Karibu fundi. Nilidhani utakuwa kijana."

"Nami nilidhani utakuwa na buti."

Akacheka. Kisha akauona mkono wa baiskeli kwenye klachi, akachuchumaa kuutazama kwa makini kama daktari anayetazama jicho la ndama. Tulikaa chini pale pale barabarani tukaongea vipuri. Nikabadilisha gia ya mbele ya cheni, nikarudisha ile ndogo, huku yeye akinishikia spana bila kuambiwa ni ipi. Katika maisha yangu sijawahi kupewa spana sahihi kabla ya kuitaja.

Nyuma ya josho

Watu walikuwa wengi, maana walikuja kumuaga daktari wao wa mifugo na hawakutaka kukosa lolote. Mwenyekiti wa kijiji alijitolea kuwa mwamuzi. Nilimwamkia, nikamweleza sheria mara mbili. Alikuwa na vikombe viwili vya bati na konzi ya punje za mahindi. Mguu ukigusa chini, punje moja inaingia kikombeni.

Jiwe linaanza kwa mteremko laini, kisha kuna ngazi ya urefu wa kiuno, kisha mgongo mwembamba, na mwisho kona kali juu ya mwanya. Tulikubaliana kupanda mara tatu kila mmoja.

Mara ya kwanza nilianguka kwenye ngazi. Punje tano, na kelele za furaha. Zuhura aligusa mara tatu. Mara ya pili niligusa mara mbili, yeye mara moja. Mara ya tatu nilitangulia tena, nikagusa mara mbili, zote kwenye kona ya mwisho, ambapo mkono wa baiskeli ulikataa kurudi haraka. Kisha akaingia yeye. Alipanda ngazi polepole mno. Juu ya mgongo alisimama kabisa kwa pumzi moja, pikipiki ikining'inia kama mzigo kwenye mizani usioamua upande. Akageuza usukani kidogo, akaruka mwanya, akatua juu. Hakugusa. Watu hawakushangilia, kwa kuwa hawakuona tukio lolote. Mimi nilipiga yowe peke yangu. Alinitazama kutoka juu, akainua mikono.

"Umeona?" aliuliza.

"Nimeona!"

"Haya, mimi basi. Nimemaliza."

Mwenyekiti akamwaga punje, akahesabu, akanishika mkono na kuuinua. "Mgeni tisa! Daktari nne! Mgeni ameshinda!"

Watu wakapiga vigelegele. Nikamvuta pembeni. "Mwenyekiti, mwenye chache ndiye mshindi."

"Hapa Kolo?"

"Popote."

"Mwanangu, mimi nimesimama juani nahesabu. Tisa na nne, kubwa ipi?"

"Tisa, lakini..."

"Basi."

Zuhura alikuwa amekaa juu ya jiwe, anacheka mpaka kofia imekaa upande. "Mwache, fundi," akasema. "Huyu akishatangaza hatangui."

Mchana tulikula pilau ya kuagana. Nilikaa nikila taratibu, nimefurahi, na chini ya furaha kulikuwa na uzito: nilikuwa nimempata mwenzangu kwa asubuhi moja tu. Mwenyekiti akasimama kutoa hotuba. Alisema ng'ombe wa Kolo hawatamsahau daktari. Alisema huko aendako wamepata mtu. "Chamwino," alisema, "mtutunzie."

Nikaacha kutafuna. "Chamwino ipi?" nilimuuliza Zuhura kwa sauti ya chini.

"Kwani ziko ngapi?"

"Chamwino ya Dodoma? Nyumbani kwangu ni mwendo mfupi tu toka hapo!"

"Ndiyo maana nilishangaa ulivyokuwa na haraka," akasema. "Nikadhani unalitaka jiwe hili hili. Kwa nini hukuuliza?"

Kwa nini sikuuliza? Mkazi yeyote wa Dodoma atanielewa. Nusu ya wateja wangu ni watumishi wa serikali, na kwetu uhamisho hauulizwi. Mtu akikwambia amehamishwa unasema "Mungu atangulie" na kungoja, kwa maana huwezi kujua kama amepandishwa au ametupwa. Akitaka ujue, atakutajia mwenyewe. Nilipima matairi, cheni, petroli na magoti yangu, lakini neno "wapi" niliona si adabu kulitamka. Nilimweleza hivyo.

"Na mimi nikasema huyu fundi hanijali hata kidogo," akajibu, "hata naenda wapi hataki kujua."

Kurudi

Jumapili nilipumzika kwa Mwenyekiti, aliyenitambulisha kwa kila mgeni kama bingwa. Jumatatu tulipakia vyombo vya Zuhura kwenye lori: kitanda, makabati, majiko, kuku wanne, na pikipiki mbili zisizo na viti zikiwa zimefungwa pamoja. Yeye alikaa mbele na dereva. Mimi nilisafiri juu, kwenye kochi lake, nikiyatazama makorongo yote yakirudi nyuma. Nauli Zuhura alikataa kupokea. Jumamosi iliyopita alikuja kwangu Kizota kabla hata hajafungua masanduku yote, tukapanda mawe ya pembezoni mpaka jua lilipokuwa kali. Safari hii tulihesabiana wenyewe, na mshindi alikuwa mwenye chache.

Kwa wale mlioniuliza imenigharimu kiasi gani: mafuta, malazi, chakula, mkono wa klachi wa Bakari, na tairi la nyuma ambalo lami ilishalimaliza. Kumfuata hadi Kolo mtu aliyekuwa njiani kuja kwetu kumenitia hasara ya shilingi laki moja themanini na sita elfu na mia tano.